Mzee Akistaafu, Mbwa Wake Aende Wapi?



Mtu akistaafu katika shamba la miwa au la chai hapa Uganda, neno la kwanza ni fedha zake za NSSF, ambazo aweza kuzidai akitimiza miaka 55. Neno la pili ni nyumba. Nyumba ya laini ni ya mwajiri; kazi ikiisha, funguo hurudishwa. Mwenye kwao huenda kwao. Asiye na mtu hutafuta makao ya wazee.

Mwaka jana nilimsindikiza mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, aliyekuwa askari wa usiku. Mbwa wake alikesha naye zamuni miaka tisa. Mlangoni Sista akasema, "Mzee karibu, mbwa hapana." Mzee akaweka sanduku lake chini, akalikalia. "Basi nami narudi." Arudi wapi? Chumba chake kilikwisha kupewa mwingine.

Nakiri kwamba nilimkasirikia. Niliona nimepoteza siku nzima na nauli ya chama kwa ajili ya mbwa. Halafu nikakumbuka kwamba mkewe amekufa na watoto hawaonekani. Aliyebaki wa kumsikia akiita ni mnyama huyo.

Tukaomba mazungumzo. Kumbe Sista hakuwa na ubishi mkubwa. Wenye ubishi walikuwa mpishi na wafagiaji: kinyesi ataokota nani? Wao wameajiriwa kuhudumia watu. Mimi mtu wa chama ningewajibu nini? Nao ni wafanyakazi, na kazi ya ziada bila malipo tunaipinga kila siku. Tena yumo mzee Mwislamu, ambaye mate ya mbwa yakigusa kanzu yake hawezi kusali nayo mpaka ioshwe.

Tulikaa saa mbili nzima. Tukapatana mbwa alale kwenye kibanda karibu na lango, asikanyage jikoni wala mahali pa sala. Mzee mwenyewe aokote uchafu kila asubuhi kabla ya chai. Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe kila mwaka, na cheti akitunze Sista. Neno gumu lilikuwa la mwisho: mzee akilazwa au akifa, mbwa ni wa nani? Mzee alinyamaza muda mrefu. Kijana anayelinda lango ndiye aliyesema atamchukua. Tukaandika yote, mzee akatia kidole gumba.

Kwingine jambo hili limo katika sheria. Marekani, tangu 1983, nyumba za wazee zinazosaidiwa na serikali kuu haziruhusiwi kumkatalia mpangaji mnyama wake wa nyumbani, ingawa zaweza kuweka kanuni. Ufaransa ilipitisha sheria Aprili 2024: mzee aweza kuingia makaoni na mnyama wake akiwa na uwezo wa kumtunza, isipokuwa baraza la makao hayo likipinga. Hilo la baraza nalipenda, maana wanaokaa humo nao wana neno.

Kwa hiyo, makatibu wa matawi, mwanachama akibakiza miezi sita kustaafu, muulizeni kama ana mnyama, mkazungumze na makao kabla funguo hazijarudishwa. Sisi tulizungumza mzee akiwa juu ya sanduku.

Mbwa amezoea, ila usiku huzunguka ua akibweka saa zile zile za zamu ya zamani. Wazee wengine wamelalamika. Tumeitwa tena Jumamosi.