Mtu Kwanza, Kundi Baadaye

Msomaji wa safu hii ameuliza: je, riwaya inaweza kweli kumfanya mtu amkubali jirani ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa? Inaweza, na siri kubwa imo katika mpangilio: msomaji anaambiwa nini kwanza na nini baadaye.

Mwaka 2012 wanasaikolojia Geoff Kaufman na Lisa Libby walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Walichunguza jinsi msomaji anavyojisahau, akaanza kuwaza, kuogopa na kutamani kana kwamba yeye ndiye mhusika. Hali hiyo tuiiteje? “Huruma” haitoshi, maana anayehurumia bado amesimama kando. “Uhamaji nafsi” unanukia mahoka. Waigizaji wetu husema kuvaa uhusika, nami nawafuata. Ila hapa anayevaa ni msomaji, tena bila kujua.

Siku chache kabla ya uchaguzi wa rais wa 2008, wanafunzi 82 walisoma kisa cha mwenzao anayepambana na gari bovu, mvua na foleni ndefu hadi akapiga kura. Kati ya waliosoma kisa cha nafsi ya kwanza, cha mwanafunzi wa chuo chao wenyewe, asilimia 65 walisema kwamba walikwenda kupiga kura. Msimulizi alipokuwa wa chuo kingine, ni asilimia 29 tu. Na katika jaribio jingine, wengi waliosomea mbele ya kioo hawakuweza kuvaa uhusika: sura yao wenyewe iliwarudisha kwao.

Jaribio ninalolipenda zaidi liliwahusu vijana wa kiume 70 wanaovutiwa na wanawake. Walisoma kisa cha siku moja ya mwanafunzi. Baadhi waliambiwa mapema kwamba anapenda wanaume wenzake, wengine karibu na mwisho. Katika toleo la tatu alipenda wanawake. Habari ilipochelewa, wasomaji walivaa uhusika zaidi, wakawatazama mashoga kwa wema zaidi, na hawakumpima mhusika kwa dhana zilizozoeleka.

Fikiria mgeni anayepiga hodi. Akitaja ukoo wake kizingitini, na ukoo huo umesemwa vibaya tangu enzi za babu, mwenyeji atabana mlango kwa bega na kuongea kupitia upenyo. Lakini akikaribishwa, akaketi mkekani, akanywa kahawa, akasimulia mwanawe anavyougua na deni linavyomnyima usingizi, mwenyeji huanza kumtafutia ushauri. Ukoo ukitajwa wakati huo, unamkuta mtu amekwisha kujulikana. Sasa ni uvumi wa babu unaotakiwa kujieleza.

Jaribio la vijana wale 70 lilihusu mapenzi, si utambulisho wa kijinsia, na lilipima mitazamo baada tu ya kusoma. Hata hivyo, njia yaweza kuwa ileile. Virginia Woolf aliipita katika *Orlando*, riwaya ya mwaka 1928. Tunaishi na kijana Orlando kwa muda mrefu, tunajua mapenzi yake na tamaa yake ya kuandika, kisha anaamka Constantinople akiwa mwanamke, na nafsi ni ileile. Msomaji aliyekwisha kuivaa nafsi hiyo hana sababu ya kuivua.

Woolf, kwa Kiingereza, alilazimika kubadili kiwakilishi pale pale. Mwandishi wa Kiswahili halazimiki. Kiambishi “a-” hakiulizi jinsia: aliamka, akachota maji, akamkumbuka mamake. Anaweza kutusogeza kurasa hamsini ndani ya nafsi ya mtu kabla hatujafikia swali la mwanamume au mwanamke, bila hila yoyote. Kile ambacho watafiti walikipanga kwa makusudi, sarufi yetu inatupa bure kila sentensi. Waandishi wetu wanaotaka jamii imtazame jirani yule wa mwanzo kama mtu waitumie nafasi hiyo, na walimu wanaochagua vitabu waulize swali moja: je, hapa mwanafunzi atakutana na mtu, au na lebo yake?