Seva Moja, Kazi Nyingi: Vifaa Vinatumiwaje kwa Pamoja?

Kamati za sharika na wafadhili hutuuliza: seva moja ikigawanywa sehemu kadhaa, kadi ya mtandao na diski hutumiwa na nani?

Kuiga kifaa kizima kwa programu huchelewesha kazi. Xen, iliyotolewa mwaka 2003 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilifuata njia nyingine: kila sehemu ijue kwamba inashiriki mashine. Katika matoleo yaliyofuata, draiva nyepesi ya sehemu huweka ombi kwenye kumbukumbu ya pamoja. Sehemu kuu, yenye draiva halisi, hulichukua na kukiendesha kifaa.

Hivyo tunaokoa fedha za mashine na umeme. Lakini sehemu kuu ikianguka, zote hukosa mtandao na diski. Kwa hiyo fungu la nakala za akiba lisikatwe kwenye bajeti.