Bima ya muda: Tazama tarehe kabla ya kuvuka Oraba

WENGI wanaorudi Arua na Koboko huja na kadi ya matibabu mfukoni, bila kujua kwamba kadi hiyo ilikufa siku nyingi.

Aliyekuwa kazini Juba alilipiwa na mwajiri. Mkataba wa kazi ulipokwisha, bima nayo ikaisha. Kwa aliyetoka Uarabuni hali ni hiyo hiyo, kwani huko bima huenda pamoja na viza ya kazi. Naye aliyekaa Nairobi akatunza kadi yake ya NHIF ajue kuwa nafasi ya hazina hiyo ilichukuliwa na SHA tangu Oktoba 1, 2024, na wanachama wa zamani wakatakiwa kujiandikisha upya.

Nyumbani nako, mswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge Machi 31, 2021, lakini Rais hakuutia saini ukawa sheria. Kwa hiyo anayesubiri kazi nyingine huambiwa akate bima ya muda, ya miezi 3 au 6, kuziba pengo.

Ni jambo jema, mradi ajue anachonunua. Bima ya muda si bima ya mwaka iliyokatwa vipande. Imewekwa kwa ajali na ugonjwa wa ghafla. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kutia saini kwa kawaida haulipiwi, na uzazi huachwa nje kabisa. Hata katika bima za mwaka, mama mara nyingi husubiri miezi 9 au zaidi kabla ya kulipiwa kujifungua.

Mtego mkubwa uko kwenye kukata upya. Tuseme muuza vitenge wa Koboko amekata bima ya miezi 3. Mwezi wa pili anapimwa na kukutwa na kisukari, kampuni inalipa. Miezi ikiisha anakata tena, kampuni ile ile, ada ile ile. Lakini huo ni mkataba mpya, na kisukari chake sasa kinahesabiwa kuwa ugonjwa wa zamani. Amelipa mara mbili, na mara ya pili ugonjwa anaouogopa ndio usiolipiwa. Ikiwa kazi unayoitarajia itaanza mwezi wa tano, afadhali mkataba mmoja wa miezi 6 kuliko miwili ya miezi 3, hata kama ada yake inauma kidogo.

Uliza pia utatibiwa wapi. Kadi inayopokewa Kampala tu haimsaidii mgonjwa aliye karibu kilomita 500 kutoka huko. Uliza kama kampuni hulipa hospitali moja kwa moja au wewe ndiye utakayetoa fedha kwanza, kisha upeleke risiti na kungoja. Mwenye mtaji wa kuzungusha kila juma hawezi kungoja.

Kwa wanaovuka kwenda Kaya au soko la Ariwara, swali la kwanza ni mipaka. Bima nyingi za Uganda huishia Uganda, na nyingi za safari hazilipi majeraha ya vita. Waliokimbia Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Kuna na hizi kadi mbili za njano zinazochanganywa mpakani. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya COMESA, ambayo hukatiwa gari na hushughulikia madhara ya ajali ya barabarani, matibabu ya majeruhi yakiwamo. Hakuna hata moja itakayokulipia malaria.

Je, asiye na bima afanye nini? Ada ziliondolewa katika vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini. Hospitali ya Rufaa ya Arua na ile ya Koboko zinampokea asiye na kadi yoyote, ingawa dawa zikikosekana utatumwa dukani. Kwa maoni yetu, mwenye kisukari au presha anayesubiri miezi 2 tu, akiba aliyoitenga kwa dawa itamfaa kuliko bima isiyougusa ugonjwa wake. Anayelala barabarani kila juma, huyo akate bima ya ajali.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni ina leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Huko pia ndiko hupelekwa malalamiko ya madai yasiyolipwa. Na unapoacha kazi, omba barua inayoonyesha tarehe bima yako ilipoanza na ilipokwisha, kwani baadhi ya kampuni hupunguza muda wa kusubiri kwa mtu ambaye hakukaa bila bima.

Vyama vya akiba vya sokoni navyo vinaweza kuitazama hospitali ya Kisiizi, magharibi mwa nchi. Tangu 1996 inaendesha bima ambayo watu hujiunga kupitia vikundi vya engozi, vile vya kubeba wagonjwa kwa machela na kuzikana. Kikundi ndicho huingia, wazima pamoja na wagonjwa.