Hajala, na Sukari Imepanda

Asubuhi wagonjwa wa kisukari hufika kliniki bila kula, kama tulivyowaagiza. Natoboa ncha ya kidole, tone la damu linagusa stripu, na baada ya sekunde chache mashine inaonyesha 9.8. Hapo ndipo lawama zinapoanza.

"Mama, jana ulikula nini?" anauliza binti aliyemsindikiza.

"Nimelala na njaa, mwanangu. Hata uji sikunywa."

Binti haamini. Mimi naamini, kwa sababu mimi ni muuguzi wa kliniki hii na nimeona hali hiyo kwa wagonjwa wengi. Jambo moja nataka kila familia yenye mgonjwa wa kisukari ilijue: sukari ya kwenye damu haitoki kwenye sahani peke yake. Mwili huitengeneza wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ini, hasa usiku tukiwa tumelala.

Kwa nini mwili ujisumbue hivyo? Ubongo wa mtu mzima hutumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, na usingizini haupumziki. Damu yote ya mtu mwenye afya huwa na gramu 5 hivi tu kwa wakati mmoja, sawa na kijiko cha chai. Kama kiasi hicho kisingeongezwa kila mara, ubongo peke yake ungekimaliza kwa muda wa saa moja.

Ini huanza na akiba yake. Baada ya mlo huhifadhi glukosi kwa umbo la glaikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi, na chakula kikikosekana huivunja taratibu. Saa zinavyokwenda, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli, gliseroli ya mafuta na asidi amino za protini. Njia zote mbili humalizikia kwenye kimeng'enya kimoja, glukosi-6-fosfatazi.

Ndani ya seli, glukosi inayotokana na njia hizo huwa imeshikamana na fosfati, na ikiwa hivyo haiwezi kutoka, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kimeng'enya hiki ndicho kinachoitenganisha na fosfati, nayo ikishakuwa huru huingia kwenye damu. Ini linacho, na figo pia. Misuli haina. Ndiyo maana, ingawa misuli yote kwa jumla huhifadhi glaikojeni nyingi kuliko ini, akiba hiyo hutumika humohumo na haiwezi kumwaga glukosi kwenye damu.

Umuhimu wa kimeng'enya hiki ulionekana kwa watoto waliozaliwa bila kuwa nacho. Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Edgar von Gierke, alieleza ugonjwa wa watoto wenye maini makubwa yaliyojaa glaikojeni. Mwaka 1952 Gerty Cori na mumewe Carl, wazaliwa wa Prague waliofanya utafiti wao Marekani na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, walionyesha kwamba baadhi ya watoto wa aina hiyo karibu hawakuwa na glukosi-6-fosfatazi kwenye ini. Mtoto wa namna hiyo ana akiba tele, lakini akikaa saa chache bila kula sukari hushuka kiasi cha kumtia degedege. Tangu miaka ya 1980 wengi wameokolewa kwa kunyweshwa wanga mbichi wa mahindi kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Si unga wa sembe, bali ule unga mweupe laini wa kuongezea supu uzito. Ukiwa mbichi humeng'enywa polepole, na glukosi yake huingia kwenye damu kidogo kidogo.

Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili mambo huwa kinyume chake. Kwa mtu mwenye afya, insulini huliamuru ini lipunguze utoaji wa glukosi, na kimeng'enya hiki nacho hupungua. Kwa mgonjwa, ini haliisikii insulini ipasavyo, kwa hiyo linaendelea kutoa sukari usiku kucha kana kwamba mwili una njaa, wakati damu tayari inayo ya kutosha. Mama analala bila kula, anaamka na 9.8.

Metifomini, dawa ambayo wengi wenu mmeandikiwa, kazi yake kubwa ni kupunguza sukari inayotolewa na ini. Kwa hiyo ukisema, "Leo sili, kwa nini nimeze dawa?" unaliachia ini nafasi. Usiache dawa wala kubadilisha dozi kwa uamuzi wako. Wanaotumia insulini au glibenklamidi wanaweza kushukiwa na sukari ghafla wasipokula, kwa hiyo mwenye nia ya kufunga Ramadhani au Kwaresima aje tuzungumze mapema, tumpangie dozi na saa za kupima.

Na ninyi mnaowasindikiza wazazi wenu, namba ya asubuhi ikiwa juu msianze kumhoji mzee kuhusu sahani ya jana. Tuulizeni sisi kama dawa zake bado zinamtosha. Mzee anayeogopa kugombezwa huacha kuja kliniki, na akiacha kuja, macho, figo na miguu yake huharibika bila mtu kujua.