Durango na Reli Yake

Durango ni mji mdogo wa jimbo la Colorado, magharibi mwa Marekani, kando ya mto Animas, mita 1,988 juu ya usawa wa bahari. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi wapatao 19,000. Milima ya San Juan iliyo jirani ilikuwa ya Waute, wenyeji wa asili, hadi mkataba wa 1873 ulipowanyang'anya, kwa sababu ya fedha na dhahabu zilizokuwemo. Mji wenyewe ulianzishwa na kampuni ya reli mwaka 1880. Kuna hoteli ya matofali ya 1887, chuo, na maduka ya kawaida.

Linalostahili kuelezwa hasa ni treni. Mwaka 1882 reli ilifika Silverton, mji wa machimbo ulio kilomita 72 kaskazini, ili kushusha mawe ya madini. Upana wake ni milimita 914 tu, mdogo hata kuliko ule wa reli ya zamani ya Mombasa na Kisumu, kwani njia nyembamba hukubali kona kali na hupunguza kazi ya kupasua miamba. Pahali pengine mabehewa hupita ukingoni mwa genge, mto ukinguruma chini kabisa. Kuna vichwa vya treni vya mvuke, vingine vya mwaka 1923, na bado vinafanya kazi! Njiani husimama kunywa maji. Kipuri kisichouzwa tena popote huchongwa katika karakana ya hapohapo Durango.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vichwa vya mvuke, tena vikubwa kuliko hivyo vya Durango, na vilivyosalia Nairobi vimewekwa kwenye makumbusho. Njia ya reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, inapita chini ya Usambara, milima isiyohitaji kusifiwa. Mandhari ipo, historia ipo. Kilichopuuzwa ni kumrithisha kijana ufundi kama ule wa karakana ya Durango kabla mzee hajastaafu.

Treni ya Durango pia huwashusha wapanda milima Needleton, kituo kisichofikiwa na gari, nao huingia msituni na mahema yao. Wakati wa baridi watu huteleza kwenye theluji. Kila mwisho wa Mei waendesha baiskeli hushindana na treni hadi Silverton, desturi iliyoanza 1972. Barabara yao hupanda mara mbili kupita mita 3,200, na walio hodari huitangulia treni.