Kompyuta ya Kikundi: Tengenezeni Kabla ya Kununua

Kompyuta ya kikundi ikikawia kuwaka, msikimbilie kununua nyingine. Pesa za wanachama ni jasho, na huenda kubadilisha sehemu mbili tu kukatosha.

Kwanza nakilini hesabu zote za kikundi kwenye flashi. Kisha zimeni mashine na mchomoe waya wa stima ndipo muifungue.

Hadi diski ya zamani husoma kwa sahani inayozunguka, na hapo ndipo mashine huchelewa. SSD haina kitu cha kuzunguka, kwa hivyo husoma upesi zaidi.

Memori nayo, kama ni GB 4, ongezeni ifike 8. Lakini someni maandishi yake: DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Ikikataa, msilazimishe. Tukienda dukani, tubebe ile ya zamani mkononi.