Meza za Watu (3): Bakuli la Phở, kutoka Hanoi hadi Saigon

Wiki iliyopita tulizungumzia mpunga wa bonde la mto Mekong na namna unavyogeuzwa kuwa tambi laini, nyeupe. Leo tuzifuate tambi hizo hadi mezani, kwenye migahawa midogo ya Hanoi na ya Saigon, jiji ambalo tangu 1976 jina lake rasmi ni Ho Chi Minh. Chakula chenyewe ni phở, supu ya ng'ombe yenye tambi za mchele. Ukiangalia kilichopangwa mezani kabla bakuli halijaletwa, utajua mapishi hayo yamepita njia gani na yamebebwa na nani.

Mgahawa wa phở kwa kawaida hupika kitu kimoja. Ubao wa bei uko ukutani, na swali utakaloulizwa ni nyama ya aina gani tu. Viti ni vya plastiki, vifupi, na meza inafika magotini. Sufuria kubwa huwekwa mlangoni ili mpita njia aione na kuinusa kabla hajaamua. Msomaji wa Dar es Salaam aliyezoea kuamkia supu kwa chapati, ndimu na pilipili hatajiona mgeni, maana Hanoi nako phở ni chakula cha asubuhi zaidi, na mpishi anayesifika huweza kuishiwa kabla ya adhuhuri.

Kazi kubwa hufanyika watu wakiwa wamelala. Mifupa huchemshwa kwa moto mdogo saa nyingi huku povu likienguliwa, ili supu ibaki angavu. Vitunguu na tangawizi huchomwa kwenye moto mpaka maganda yaungue, ndipo vitiwe sufuriani. Mdalasini, karafuu, iliki kubwa nyeusi na mbegu za giligilani hukaangwa bila mafuta, pamoja na kiungo chenye umbo la nyota ya pembe nane, ambacho harufu yake ndiyo inayoitambulisha phở tangu barabarani. Ladha ya chumvi huongezwa kwa nước mắm, maji yanayokamuliwa kutoka kwa dagaa waliolazwa na chumvi mapipani kwa muda wa kama mwaka mmoja. Ile ya kisiwa cha Phú Quốc ina sifa kiasi kwamba mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliliwekea jina lake ulinzi wa kisheria.

Ukishaagiza, hungoji. Mpishi huchovya tambi katika maji yanayotokota kwa sekunde chache ndani ya kikapu chenye mpini, hukikung'uta kwa nguvu, kisha huzimwaga bakulini. Juu yake hutandaza nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na majani ya kitunguu. Halafu huteka supu inayochemka na kuimimina juu ya nyama, nayo hubadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka nyekundu hadi kijivu chenye uwaridi kidogo. Asiyetaka nyama ya namna hiyo huagiza iliyochemshwa tayari. Vijiti hushikwa mkono wa kulia, kijiko cha supu kushoto, na kuvuta tambi kwa sauti hakumkeri mtu.

Sasa tuangalie meza. Hanoi utakuta siki yenye vitunguu saumu, pilipili, pengine ndimu, na vijiti vya unga vilivyokaangwa vya kuchovya. Saigon huletwa sahani iliyojaa mrihani, majani mengine yenye harufu kali, chipukizi mbichi za choroko, ndimu, na chupa mbili: mchuzi mweusi mtamu wa soya na mchuzi wa pilipili. Mlaji ndiye anayemalizia kuunga.

Phở ilizaliwa kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo Hanoi na eneo la Nam Định hushindania heshima hiyo; mwezi Agosti 2024 wizara ya utamaduni iliziorodhesha phở za pande zote mbili kuwa urithi wa taifa. Kabla ya phở kuzaliwa, ng'ombe alikuwa zaidi wa kulima. Wakoloni wa Kifaransa walipotaka nyama, mifupa ikabaki, na wachuuzi wa supu waliobeba majiko yao kwa mti begani wakaipatia kazi. Mwaka 1954 mapatano ya Geneva yaliigawa nchi, na karibu watu milioni moja wakahama kutoka kaskazini kwenda kusini. Walifika na sufuria zao katika eneo lenye bustani nyingi na watu wanaopenda utamu, na ndipo ile sahani ya majani ilipoingia. Huko Hanoi vita na mgao vilileta phở isiyo na nyama kabisa. Wenyeji waliiita phở isiyo na rubani, kwa kuifananisha na ndege za upelelezi za Marekani zilizopita juu yao bila mtu ndani.

Saigon nako vita viliingia mgahawani. Phở Bình, katika mtaa unaoitwa leo Lý Chính Thắng, ilikuwa ikiwauzia supu hata askari wa Marekani, na ghorofani, kwa ridhaa ya mwenye mgahawa, Ngô Toại, wapiganaji wa siri wa kikomunisti walipanga mashambulizi ya Tết, mwaka mpya wa Kivietnam, ya 1968 jijini humo.

Baada ya vita kwisha 1975, wakimbizi wengi, hasa wa kusini, walikwenda Marekani, Ufaransa na Australia. Ndiyo maana mgahawa wa Kivietnam utakaoukuta Westminster, California, au Houston, mara nyingi hukuletea sahani ya majani, hata kama mwenyewe anajigamba kwamba ni phở ya Hanoi. Sioni kosa katika hilo. Ninachokisikitikia ni mlaji kumimina mchuzi mtamu bakulini kabla hajaonja, maana hapo amefunika kazi ya usiku mzima. Onja supu kwanza, tupu. Kisha kamua ndimu, chana majani kwa vidole, tia chipukizi zilainike, na mchuzi mtamu uweke pembeni kwenye kisahani uchovye nyama.

Mwislamu ana la kuuliza zaidi, kwa sababu nguruwe ni nyama ya kawaida huko, na phở ya ng'ombe peke yake si hakikisho la kuchinjwa kihalali. Saigon ina nafuu: kuna msikiti mtaa wa Đông Du, uliojengwa 1935 na Waislamu wa asili ya India, na migahawa ya halali iko jirani. Mkoani An Giang, karibu na mpaka wa Kambodia, wapo Wachamu, Waislamu wenyeji wa Vietnam, wanaopika vyakula vya nchi hiyo kwa nyama ya halali.